Sura ya Kumi na Mitihani ya Jiografia

Miezi kumi na minne, mtu mzima na akili zake timamu anaandika sura moja, na sura yenyewe haijapata hata mstari wa kwanza. Ukisikia hivyo utasema mvivu huyo. Hapana. Mwandishi wetu alikuwa anaamka kabla ya majirani, anajitengenezea chai, anakaa kwenye kimeza chake kilichobanwa kati ya friji na dirisha linalotazama ukuta wa jirani, na anafanya kazi mpaka kiuno kinaomba msamaha. Tatizo lilikuwa namna yake ya kufanya kazi, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba ule ulikuwa wehu.

Kila asubuhi alianza kuusoma muswada wake tangu ukurasa wa kwanza. "Nashika mwendo," ndivyo alivyojitetea. Anasoma kalamu mkononi, hapa anafuta neno, pale anarudisha neno alilolifuta jana. Muswada ulipokuwa na kurasa ishirini, hiyo ilikuwa kazi ya saa moja. Ulipofika mia mbili na kumi na mbili, alikuwa anamaliza sura ya tisa jua linazama, macho yamevimba, hana hamu hata ya kuliona jina lake mwenyewe. Anachukua karatasi safi, anaandika juu yake "Sura ya Kumi", anaitazama, anaiweka chini. Kesho yake anaanza tena ukurasa wa kwanza. Jamani! Hata kinu cha kusaga huwa kinatoa unga.

Na si kwamba hakuwa na kipaji. Vitabu vyake viwili vya mwanzo watu walivisoma mpaka majalada yakachanika. Lakini hiyo ilikuwa miaka minane iliyopita, na sasa akikutana na watu sokoni wanamuuliza, "Bado unaandika?" Swali hilo lilimchoma kuliko tusi.

Alhamisi moja mhariri wake akapiga simu. Mhariri alikuwa kijana mpole, hajawahi kumpandishia mtu sauti, na upole huo ndio uliokuwa unatisha.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Iko karibu, mdogo wangu, iko karibu."

"Dada, Ijumaa ya wiki ijayo saa nne asubuhi tunafunga orodha ya vitabu vya mwaka. Nimekushikia nafasi mara tatu. Safari hii sura ya kumi isiponifikia, kitabu nakitoa. Na nikikitoa, sidhani kama nitapata nguvu ya kukirudisha."

"Utaipata."

"Uliniambia hivyo mwezi wa pili," mhariri akasema, kwa sauti ileile ya kumbembeleza mgonjwa.

Simu ilipokatika, mwandishi akashika tama. Akajiapia kimoyomoyo, bila kumwambia mtu, kwamba kitabu hiki kisipopita, kalamu anaweka chini moja kwa moja. Angekwenda kumsaidia dada yake kwenye duka la vitambaa, apime na kukata, kazi ambayo jioni ikifika unajua umefanya nini. Na alipoapa alisikia kanafuu fulani kifuani. Kanafuu hako kalimtisha kuliko kiapo chenyewe.

Mumewe alikuwa mwalimu wa jiografia, mtu mrefu, mwembamba, mwenye wino mwekundu vidoleni siku zote. Jioni hiyo akaweka kijiko chini akasema, "Mwenzangu wa hesabu ana dada yake, ana nyumba ya wageni ufukweni kabisa. Nimeshazungumza naye. Unaondoka Jumamosi."

"Baharini? Nimebakiwa na siku nane, wewe unanipeleka baharini? Una akili, Mwalimu?"

"Huo ukuta wa jirani umeutazama mwaka mzima na zaidi. Haujakwambia kitu. Ukirudi utaukuta palepale."

Mwandishi akasonya, kisha akainuka kwenda kutafuta begi.

Sasa hapa lazima nieleze habari za bahasha, maana bila bahasha hatufiki popote. Mwalimu alikuwa analeta nyumbani mitihani ya kusahihisha ndani ya bahasha kubwa za khaki, na bahasha zikishatumika mkewe anazirithi kwa ajili ya muswada. Nyumba nzima ilikuwa bahasha za khaki, zote pacha. Jumamosi alfajiri mmoja anatafuta kiatu, mwingine anafunga begi, teksi inapiga honi nje, na juu ya meza ya kulia zimelala bahasha mbili. Umeshakisia. Wao, kwa haraka zile, hawakukisia.

Basi lilitumia saa tisa. Aliipakata bahasha njia nzima kama mtoto mchanga, lakini hakuifungua, kwa sababu akisoma kwenye gari anatapika. Ikabidi akae macho makavu aitazame dunia. Mwanzoni alinuna. Kisha kiti cha nyuma mama mmoja akaanza kugombana na seremala kwa simu kuhusu kabati lisilopita mlangoni. "Ulipima mlango au ulipima ndoto?" mama akafoka. "Sasa nilale nalo uani?" Mwandishi akaangua kicheko mpaka jirani yake akageuka. Akagundua kwamba ana muda mrefu hajasikiliza watu wakizungumza. Aliokuwa akiwasikiliza ni wale aliowaandika mwenyewe, na hao walikuwa wameshaishiwa maneno.

Mwenye nyumba ya wageni alimpokea kwa kumkumbatia mpaka mbavu zikalia. Watu walimwita Mama Shwari, na jina lilikuwa la kejeli, maana tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwona ametulia. Alimpa chumba chenye kitanda, meza na dirisha, na nje ya dirisha hakukuwa na kitu kingine ila maji, maji mpaka macho yanapokomea. Mawimbi yalikuwa yanapiga ngazi za baraza. Mwandishi akavuta kiti, akafungua bahasha ili aanze ukurasa wa kwanza.

"Jiografia. Kidato cha Pili. Swali la kwanza: Eleza maana ya kupwa na kujaa kwa bahari. Alama kumi."

Nakala arobaini na tatu.

Yowe alilopiga lilimleta Mama Shwari mbio, fagio juu.

"Nyoka?"

"Mitihani!"

Mama Shwari akazitazama karatasi, akashusha fagio. "Uuuh," akasema. "Bora angekuwa nyoka."

Mwandishi akampigia mumewe. "Mwalimu! Hapo mezani una nini?"

Karatasi zikachakarika upande wa pili. "Mke wangu, nilikuwa nashangaa mimi! Nimeshasahihisha kurasa mbili najiuliza ni mwanafunzi gani huyu anayejaza namna hii."

"Umesahihisha? Kwa kalamu nyekundu?"

"Kidogo tu."

Simu ya Mwalimu ilikuwa ile ya vitufe, isiyojua picha ni nini. Basi la huko lilikuwa linatoka mara mbili kwa wiki, Jumamosi na Jumatano, basi. Mhariri alikuwa na nakala ya zile sura tisa, ni kweli, lakini ampigie simu kumwambia kwamba kitabu kimebaki nyumbani amebeba mitihani? Afadhali ardhi ipasuke immeze. Kwa hiyo muswada ungefika Jumatano jioni, na Ijumaa asubuhi ndiyo mwisho. "Nimekwisha," mwandishi akasema. Akakaa kitandani akalia kilio cha kweli, cha mtu aliyebaki mikono mitupu.

Mwalimu alisubiri. Kisha akakohoa. "Najua si wakati wake," akasema. "Ila mitihani hiyo, alama zinatakiwa Jumatatu."

Wacha we! Maneno aliyomporomoshea hata mimi sitayarudia hapa. Akakata simu, akaitupa juu ya mto.

Jumapili asubuhi alijaribu. Akaandika "Sura ya Kumi" juu ya karatasi, akangoja. Hakuwa na ukurasa wa kwanza wa kushikia mwendo, na kalamu ikagoma kama punda. Saa tatu akampigia mumewe mwenyewe, sauti imepoa. "Haya, nisomee huo mwongozo wako wa kusahihishia." Angefanya nini?

Akahamia barazani na mitihani yake. Wanafunzi wote walikuwa wameandika maneno yaleyale ya ubaoni, nukta kwa nukta, kwamba kupwa ni hali ya maji ya bahari kurudi nyuma. Alama, alama, alama. Alipofika karatasi ya kumi na tano akainua kichwa kupumzisha shingo, na bahari haikuwepo. Kweli tena! Maji yaliyokuwa yanapiga ngazi jana yake yalikuwa yamekwenda mwendo wa dakika kumi, yameacha uwanja wa mchanga wenye makunyanzi, na katikati ya uwanja huo mwanamume mmoja aliyekunja suruali alikuwa anazungumza na simu, viatu mkononi, hana habari kabisa.

Akamrudia mumewe hewani. "Mwalimu, wewe umewahi kuiona kupwa?"

"Naifundisha huu mwaka wa kumi na tisa."

"Sikukuuliza hivyo."

"Sijawahi," Mwalimu akakiri. Wakacheka wote wawili, kila mmoja kwake, mpaka salio likatishia kuisha.

Alasiri maji yalirudi, na Mama Shwari akamburuta ayaingie. Mwandishi hakujua kuogelea. Mama Shwari akamlaza chali, akamwekea mkono mmoja mgongoni.

"Legeza shingo. Umeikaza kama mtu anayenyolewa."

"Nitazama."

"Ukikaza ndiyo utazama. Nimekushika, mwanamke, legeza!"

Akalegeza. Masikio yakaingia chini ya maji, kelele zote zikakatika, na juu yake kulikuwa na mbingu tupu isiyohitaji kusahihishwa. Alikaa hivyo sijui muda gani. Mkono wa Mama Shwari ulikuwa umeshaondoka zamani naye hakujua. Alipotoka alikuwa na njaa aliyoisahau tangu utotoni, akala sahani mbili, akamsomea mumewe alama zote arobaini na tatu, akalala kama gogo.

Jumatatu asubuhi alimkuta Mama Shwari uani na rundo la mashuka makavu. Kwa mtu mmoja kukunja shuka kubwa ni adhabu, kwa hiyo akashika ncha mbili kusaidia.

"Hebu niambie, hicho kitabu kinachokuliza kinahusu nini?"

Mwandishi akasita. Miaka yote hiyo hakuwahi kukisimulia, alikisoma tu. "Kinahusu mama mmoja fundi wa nguo," akasema. "Mumewe alimtukana mbele ya wateja. Akaondoka na nguo alizovaa, akaenda kwa kaka yake, akasema harudi mpaka afuatwe."

"Halafu?"

"Mume hakuja."

"Mwanaume! Halafu?"

Wakakunja, wakasogeleana, wakaachana, wakachukua shuka jingine. Mwandishi akasimulia jinsi mwaka wa kwanza ulivyopita, na wa pili, na jinsi kila gari likipunguza mwendo nje yule mama alivyojiweka sawa kilemba. Kila aliponyamaza, Mama Shwari alimsukuma na ile "halafu" yake. Shuka la saba likamkuta amefika mwisho wa sura ya tisa. Kurasa mia mbili na kumi na mbili, mashuka saba! Na hapo ndipo akakumbuka kwamba amemsahau shemeji mtu. Kulikuwa na shemeji mle ndani mwenye kurasa arobaini nzima, amesomeshwa chuo, amepewa masharubu, na Mama Shwari hakuwa amemuulizia hata kidogo.

"Miaka sita kwa kaka mtu!" Mama Shwari akasema, ncha za shuka la nane mikononi. "Halafu?"

Hapa ndipo alipokuwa anakwama kila siku. Mume aje, au asije? Akija, msomaji atamchukia. Asipokuja, miaka sita imepotea bure. Pale kwenye friji angerudi ukurasa wa kwanza kutafuta jibu. Lakini hapa hakukuwa na ukurasa wa kwanza, kulikuwa na mwanamke mzito ameshika shuka anangoja, amekunja uso kabisa, na upepo unavuta.

"Halafu siku moja," mwandishi akasema, "akaamka asubuhi akasema: cherehani yangu."

"Eh?"

"Cherehani yake! Aliiacha kule. Aliinunua mwenyewe kabla hajaolewa. Miaka sita anashona kwa mkono anangoja achukuliwe yeye, na cherehani iko kule inakula vumbi." Alikuwa anaisikia hadithi hii kwa mara ya kwanza, kama mwenzake tu. "Akavaa viatu, akaenda. Akabisha hodi. Mume akafungua, akacheka mpaka gego, akajua mke amerudi. Akamwambia, nimefuata cherehani yangu."

Shuka likaanguka chini. "Akaibeba?"

"Akaitwika ki—"

"Thubutu!" Mama Shwari akapiga kofi paja lake. "Asiitwike yeye! Chuma kile? Ambebeshe huyohuyo mwanaume mpaka kituoni, mtaa mzima uone!"

Mwandishi akamtazama mdomo wazi. Kisha akasema, "Dada, mashuka utamalizia," akatoka mbio.

Kitu cha kwanza alichokutana nacho pale mapokezi kilikuwa daftari la wageni, kubwa, nusu yake tupu. Akalibeba. Akaandika humo barazani Jumatatu yote, na Jumanne, kalamu inakimbia na yeye anaifuata nyuma. Mkono ukichoka alishuka majini akalala chali, akirudi sentensi imeshamngojea. Hakusoma nyuma hata mara moja. Mgeni mmoja aliyekuja kujiandikisha aliandikishwa kwenye kiganja cha Mama Shwari.

Jumatano jioni basi likaleta bahasha. Hapo, nakwambia, nusura aharibu kila kitu. Aliitoa karatasi ya juu, akaona "Sura ya Kwanza", na mkono wenyewe ukaenda kwenye kalamu kama mlevi kwenye chupa. Akafuta neno moja. Akafuta la pili. Akayaona yale ya nyumbani yote yanarudi, friji na ukuta na jua linazama. Akajikaza, akaruka mpaka katikati aone tu wino mwekundu wa mumewe. Pembeni ya ukurasa wa themanini na nane Mwalimu alikuwa ameandika: "Shemeji huyu anachosha." Na chini kabisa ya ukurasa wa mwisho: "71/100. Kazi nzuri sana, haijakamilika."

Akacheka peke yake, akairudisha bahasha, akampelekea Mama Shwari. "Ifungie kabatini. Nikija kukuomba, hata nikikupigia magoti, usinipe mpaka Ijumaa saa tano."

"Na ukinitukana?"

"Nitukane na wewe."

Hakuja kuomba. Alhamisi alasiri alimaliza. Mume yuko kituoni anahema, cherehani begani, mtaa mzima unatazama, na yule mama anapanda gari bila kugeuka. Mwandishi akaweka nukta, akaitazama nukta ile, akaona haihitaji kitu. Kurasa kumi na tisa. Ijumaa saa mbili asubuhi akazipiga picha moja moja kwa simu yake, akamtumia mhariri. Kisha akakaa kwenye ngazi, roho mkononi.

Saa tatu kimya. Saa tatu na nusu kimya. Saa nne kasorobo simu ikaita.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

"Dada, kwa nini kila ukurasa umeandikwa juu 'Namba ya chumba' na 'Tarehe ya kuondoka'?"

"Achana na hilo! Niambie."

"Nakwambia." Na hapo mhariri, mtu ambaye hajawahi kumpandishia mtu sauti, akapiga kelele mpaka mwandishi akaisogeza simu mbali na sikio. "Alimbebesha cherehani! Mpaka kituoni! Dada, nimesimama mwenyewe ofisini nikapiga makofi, wenzangu wamedhani nimechanganyikiwa. Kimepita. Kiko kwenye orodha, namba mbili. Kimepita, umesikia?"

Alisikia. Alisema asante, akasema pia amwondoe yule shemeji mzima, masharubu na kila kitu, na mhariri akasema, "Alhamdulillahi, nilikuwa naogopa kukwambia." Simu ilipokatika mwandishi alibaki amekaa palepale, na mzigo wa miezi kumi na minne ukamshuka mabegani polepole. Aliona hata pumzi inafika mahali ilipokuwa haifiki.

Akampigia mumewe. Ilikuwa wakati wa mapumziko, alisikia kelele za uwanja wa shule nyuma yake.

"Kimepita," akasema.

Mwalimu hakujibu.

"Mwalimu? Kimepita! Na sasa ngoja nikwambie kitu nilichokuficha. Kisingepita leo, nilikuwa nimeapa kuacha. Kabisa. Nilikuwa nakwenda dukani kwa dada."

"Nilijua," Mwalimu akasema.

"Ulijuaje? Sikumwambia mtu."

"Wewe ukiandika unaongea peke yako. Hujui? Unasema maneno ya watu wako, unawagombeza, unawajibu. Unakoroga sufuria huku unabishana na mtu ambaye mimi simwoni. Miaka yote ya ndoa nimekula na watu hao mezani." Akasogea mbali na kelele za watoto. "Mwaka jana ukaacha. Nyumba ikawa kimya, kimya kibaya, nikawa narudi kutoka shuleni nasimama mlangoni nasikiliza, hakuna. Nikajua unaondoka."

Mwandishi akaibana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Sasa hivi nilipopokea simu," Mwalimu akaendelea, na sauti yake ilikuwa imelowa, "hukujua kama nimeshapokea. Ulikuwa unaongea. Ulikuwa unamwambia mtu, 'Wewe tulia kwanza, zamu yako haijafika.' Ni nani huyo?"

Mwandishi akafuta macho kwa mkono wote, akicheka, akilia.

"Bado simjui," akasema. "Amekuja asubuhi hii."